Programu Tatu na Njia ya Mislaha

Njia mbili zilimshinda fisi.
Mimi ninazo tatu, kila moja kwenye dirisha lake,
na siku kumi na nne za kujaribu bure
kabla hazijaanza kunidai riyali.

Kompyuta iko juu ya meza ya cherehani,
chumba cha nyuma, Bidbid.
Feni yake inanguruma kama gari linalopanda mlima.
Nje, Zahor anaosha tangi: maji ya kunywa,
galoni mia sita, vijiji saba, siku sita kwa wiki.
Anayempangia safari ni mimi,
tangu mgongo uliponikataza kukaa naye mbele.
Hadi jana nilipanga kwa penseli.

Mtihani wangu ni mmoja.
Sikuuliza Maskati wala uwanja wa ndege,
huko hata mgeni wa jana hapotei.
Niliandika: Mislaha, kwa Bi Ghaniya, mlango wa bati wa kijani.
Mlango nikaufuta. Nilikuwa natania tu.

Ya kwanza ikajibu kabla sijaondoa kidole.
Dakika thelathini na tisa!
Mstari wa buluu, umenyooka kama uzi uliopakwa nta,
ukakata katikati ya wadi.
Haikuuliza huu ni mwezi gani.
Haikuuliza tangi limejaa au li tupu.
Mwaka ule wa mvua kubwa wadi hiyo ilibeba
pikapu ya Zahor, gari lake la kwanza.
Tuliikuta siku ya tatu imekumbatia mtende,
vioo vizima,
redio imejaa mchanga.
Njia ya mwongo, mama akisema, ni fupi.
Alijifunza hivyo Tabora, dukani,
na kompyuta hakuwahi kuiona.

Ya pili ina adabu. Ina sauti ya mwanamke
anayetamka Mislaha kama anayeumwa jino.
Inajua vituo vya mafuta, inajua kamera za mwendo,
inahesabu lita mpaka nukta.
Inainua milima juu ya skrini, unaizungusha kwa kipanya;
nilijisahau nusu saa, naelea kama mwewe,
mchele ukashika chini.
Lakini nyumba ya Bi Ghaniya imeiweka makaburini.
Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza.
Ana miaka themanini na minne.
Sikuipenda ile alama nyekundu.

Ya tatu ina sura mbaya. Herufi ndogo,
rangi ya uji uliolala.
Ilifikiri, ikafikiri; nikaenda kukwangua sufuria, nikarudi.
Barabara kuu imeichora vizuri,
mpaka pale lami inapokwisha,
na hapo ikasimama. Mbele yake, peupe.
Chini, maneno machache: Sina taarifa. Chora mwenyewe.

Nikamwita Zahor. Akaja mikono inachuruzika,
akasimama mbali na kibodi
kama mtu aliyepewa kichanga ambebe.
"Inasemaje hiyo?"
"Inasema haijui."
"Nunua hiyo."

Baada ya isha tukachora. Yeye anasema, mimi naburuta kipanya.
Kulia, penye ule mkunazi.
"Si umekatwa?"
"Andika ulipokuwa."
Fuata falaji, polepole, ukuta wa Muhsin
umeingia njiani shubiri mbili na hataki kusikia.
Hapa shusha gea. Hapa piga honi, mbuzi.
Tulipofika kwenye wadi hakusema kitu.
Aligusa kioo kwa kidole
na kidole kilikuwa bado na maji,
likabaki tone, juu ya ile buluu.

Nikaandika: Usipite.
Programu ikauliza mpaka lini:
saa, siku, msimu, daima.
Sikumtazama. Nikabonyeza la mwisho.

Saa moja na dakika mbili, ikahesabu,
kwa kuzungukia juu, penye changarawe.
Leseni ni riyali kumi na tisa na nusu.
Nikalipa, tone halijakauka.
Na mlango wa bati nikaurudisha, wa kijani,
herufi zote.